Vyombo ni vya nani?

Siye watoto wa kambi tulijua jina Vévé mbele ya kujua kusoma: lilikuwa pale katikati ya sahani za muziki za baba. Mwenyewe ndiye Kiamuangana Mateta, Verckys, mpiga saksofoni aliyeingia OK Jazz mwaka 1963. Franco akiwa Ulaya, alirekodi nyimbo zake na wenzake wa orkestra pashipo patroni kujua. Kisha akatoka, akaanzisha orkestra na nyumba yake ya kutoa sahani.

Alielewa kama mwimbaji bila vyombo ni mtu wa kungojea tu. Gitaa, ampli, ngoma, bei yake ni kali. Yeye alivitafuta, akawapa vijana watumie: Lipua Lipua, Bella Bella, Kiam. (Hata jina Kiam ni kipande cha jina lake!) Walisikiwa nchi nzima. Lakini ukitoka, vyombo vinabaki kwa patroni.

Na walitoka. Mwaka 1972 waimbaji wake watatu, Trio Madjesi, wakaenda kuanzisha Sosoliso. Vile alimfanyia Franco, naye akafanyiwa.

Wengine wanamwita mnyonyaji. Mie sikubali yote. Mbele yake, Ngoma na Loningisa zilikuwa za Wagiriki. Huyu, aliyekufa mwaka 2022, alikuwa mtoto wa nchi. Lakini kwenye kwaya yetu pia baba mmoja alinunua ampli, na akikasirika, Jumapili tunaimba midomo mitupu. Sasa tunachanga kila mwezi. Gitaa ya kwanza imefika. Tumeandika nyuma yake: ya kwaya.