Usijifungie Hotelini

Tanga, Oktoba

Mwanangu Salim,

Baba yako ameniambia safari imethibitishwa: Novemba utakuwa Fukuoka kwa mafunzo, na hoteli waliyokupangia iko jirani na stesheni ya Hakata. Nimefurahi. Akaniambia pia kwamba mama yako anakununulia tambi za pakiti na biskuti za kujaza begi zima, ili usihangaike kutoka usiku. Hapo ndipo nikachukua kalamu. Kula tambi za maji moto kitandani kila jioni, simu mkononi, mapazia yamefungwa, hilo silikubali. Mimi ni shangazi yako na mji ule nimeutembea kwa miguu yangu, kwa hiyo nina haki mbili za kusema.

Tuanze na mwili. Wenzetu wako mbele yetu kwa saa sita. Utakapoingia darasani saa mbili asubuhi, kwetu itakuwa saa nane ya usiku, na mwili wako utakuwa bado uko Tanga. Ukirudi hotelini jioni kitanda kitakuita. Ukikiitikia umekwisha: utazinduka saa sita usiku, macho makavu mpaka alfajiri. Novemba jua linazama mapema, kiasi cha saa kumi na moja na robo. Weka mkoba, sali magharibi, vaa sweta, toka.

Majina yasikuchanganye. Uwanja wa ndege ni Fukuoka, stesheni ni Hakata, na jiji ni hilo hilo moja. Zamani ilikuwa miji miwili iliyotenganishwa na mto Naka: Hakata ya wafanyabiashara upande wa mashariki, Fukuoka ya ngome na watu wa upanga upande wa magharibi. Iliunganishwa mwaka 1889. Jiji likapewa jina la hawa, stesheni ikabaki na jina la wale. Matembezi ninayokuagiza yanaanzia kwa wafanyabiashara na kuishia mtoni, na kwa mwendo wa mtu asiyedaiwa hayafiki saa moja.

Toka stesheni upande wa Hakata, kisha ukipata nafasi achana na barabara kubwa uingie za ndani, kuelekea hekalu la Jotenji. Jioni utakuta limefungwa, lakini siku ya mapumziko rudi ukatazame jiwe la kumbukumbu lililomo uani. Wenyeji wanasimulia kwamba mtawa Enni, aliyerudi kutoka China mwaka 1241, ndiye aliyeleta ujuzi wa kusaga unga, na kwamba udon, zile tambi nene za ngano, zilianzia pale. Miji mingine ya Japani inabisha. Waache wabishane, wewe kula. Udon ya Hakata ni laini mno, haina ule ugumu unaosifiwa kwingine, na juu yake huwekwa vipande vya mzizi mrefu uitwao gobo, vilivyochovywa kwenye uji wa unga vikakaangwa. Kwa mtu aliyechoka na baridi sijui chakula kingine kinachoshuka vizuri hivyo.

Mbele kidogo ni jengo la ibada la Kushida, na uani pake huonyeshwa gari la sherehe lililopambwa masanamu, urefu wake unapita mita 10. Sherehe yenyewe ni ya Julai, hutaiwahi. Gari utaliona, na kutazama si kuabudu, usije ukaniletea hoja hiyo. Ukitoka hapo utaingia mtaa wa maduka wa Kawabata, wenye paa juu, mvua haikugusi. Tembea ukiangalia nyuma, maana baiskeli kule hupita penye waenda kwa miguu, hazina kelele na waendeshaji wake ni mabibi wa umri wangu. Magari yanapita kushoto kama kwetu, hilo halitakusumbua.

Sasa vibanda. Wenyewe wanaviita yatai, na viko karibu 100 jijini. Vile vya Nakasu, kisiwa kilicho kati ya mito miwili, vimepangwa ukingoni mwa maji, taa zimewashwa, mvuke unapanda. Utaikumbuka Forodhani mara moja, ila pale hukai barazani na sahani yako. Unabanwa kwenye benchi pamoja na watu wanane au tisa usiowajua, mpishi yuko mbele ya pua yako, na pazia linakugusa mgongoni. Kila jioni kibanda husukumwa mpaka mahali pake, huunganishwa, na kabla ya asubuhi hubomolewa chote, njia ibaki nyeupe. Kuna wakati biashara hii ilikuwa inakufa: kibali kilikuwa kama urithi wa kizazi kimoja, mzee akiondoka nacho kinaondoka. Mwaka 2013 jiji likatunga sheria yake ya vibanda, likafungua njia ya kuwapata wenye vibanda wapya kwa ushindani, na likawataka waonyeshe bei. Kwa hiyo bei isome kabla hujakaa. Kibanda kisicho na bei kipite.

Adabu zake ni chache. Usiende kundi zima la darasa. Wawili watatu wanatosha. Kila mmoja aagize kitu. Ukimaliza inuka, kuna mtu amesimama nje na baridi. Choo hakuna, jisaidie kabla. Noti ndogo na sarafu ziwe mfukoni. Bakshishi usiache, mwenye kibanda atakukimbilia airudishe, akidhani umesahau.

Najua swali lako. Rameni ya mji ule, ile wanayojivunia, supu yake nyeupe ni ya mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi. Si nyama ya juu unayoweza kuiondoa kwa kijiti, ni mchuzi wenyewe. Basi hiyo uitazame tu, ingawa ina jambo la kutazamwa: tambi zake ni nyembamba sana, kwa sababu kule Nagahama walikuwa wakiwapikia watu wa soko la samaki wenye haraka. Nyembamba huiva upesi, lakini pia hulegea upesi, ndiyo maana huwekwa kidogo, na mlaji akimaliza huagiza tambi za pili ndani ya supu ile ile. Na bamba la kukaangia kibandani ni moja kwa kila kitu. Mimi nilikuwa nakaa, naagiza chai na mayai baada ya kuuliza mafuta, nasikiliza watu wanavyocheka, kisha chakula cha kushiba nakwenda kula kwingine: samaki wa kuchoma, wali, supu ya soya, kachumbari yao ya chumvi, yote kwenye sinia moja. Michuzi yao mingi ina tone la pombe ya mchele. Hapo uliza, halafu upime mwenyewe, umeshakuwa mtu mzima.

Kwa nyama ya halali nenda Hakozaki, vituo viwili tu kwa treni kutoka Hakata. Kuna msikiti, Al Nour, uliofunguliwa mwaka 2009. Nenda Ijumaa ya kwanza, usingoje ya tatu. Baada ya sala utapata watu wa kukuelekeza vizuri kuliko simu yako.

Jambo moja la usiku mwingi. Nakasu ina upande wa pili, baa na vilabu, na vijana waliovaa suti watakuita kwa Kiingereza kizuri, wakikuahidi bei rahisi. Usisimame, usijibu, hata kwa utani. Mji ule ni salama kiasi kwamba mwanamke peke yake anatembea saa nne usiku bila kugeuka nyuma, mimi nilifanya hivyo. Pesa za wageni huondokea kwenye milango ile wanayokaribishwa hivyo.

Novemba pia ndiyo mwezi wa mashindano makubwa ya sumo mjini humo, siku 15. Pigano la mwisho humalizika karibu saa kumi na mbili jioni, na huenda ukapishana njiani na bonge la mtu amevaa kanzu ya pamba na ndala, nywele zimepakwa mafuta. Mpishe, mpe heshima yake, usimpige picha usoni.

Halafu chagua mahali pamoja padogo, karibu na hoteli, urudi hapo tena na tena. Usiwe kama wale wanaotaka kila usiku mkahawa mpya ili wapate picha. Ukirudi, mwenye duka atakujua, atakuwekea kikombe cha chai kabla hujavua sweta, na atakumbuka kwamba huli nguruwe bila wewe kuhangaika kusema.

Nipigie ukishakula, si kabla. Saa tatu usiku yako ni saa tisa mchana yangu, nitakuwa nimeamka. Nataka kujua umekula nini na umepita njia ipi, habari za darasani mwambie baba yako.

Shangazi yako,
Bi Mwanaisha