Mguu wa Watasema

Magazeti yetu siku hizi yanaandika "mnyama kipenzi". Sina ugomvi na msamiati huo, ila Mwamgongo sijawahi kumsikia mtu akiutamka. Huko mbwa anafugwa kwa kazi. Kijiji kiko kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, mlima mgongoni, Ziwa Tanganyika usoni, na nyani wa hifadhi hawajui mpaka umepita wapi. Mihogo ikikomaa wanashuka kundi zima. Shamba lisilo na mlinzi ni shamba la nyani, basi.

Mbwa wa baba mdogo anaitwa Watasema. Nyumba yetu ni ya Kiislamu, na siku alipomleta akiwa bado mdogo, anatosha kwenye kikapu, baba mdogo alijua majirani hawatanyamaza. Hoja alikuwa nayo tayari: mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa, najisi ni mate, na chombo chake kitakaa nje. Wakasema weee, mwisho wakazoea. Watasema akakua kwa ugali wa muhogo na vichwa vya migebuka, akilala chini ya mwembe. Ndani haingii, mvua inyeshe isinyeshe.

Juni 2024 nyani dume akamuuma mguu wa nyuma wa kushoto. Ambaye hajaziona chonge za nyani dume atadhani natia chumvi. Mfupa wa chini ya goti ulivunjika ukatokeza nje. Walimfunga kitambaa, na siku ya nne kidonda kikaanza kunuka. Nilipofika kutoka mjini, nzi walikuwa wameshahamia.

Na ziwa lilikuwa limefungwa. Mwaka ule serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Habari hiyo nilikuwa nimeshaiandika kazini, pamoja na kauli za viongozi. Pale kwa baba mdogo habari ileile ilikuwa nyavu zilizokunjwa, taa za dagaa uvunguni mwa kitanda, na mama mdogo anapima unga kwa kikombe.

"Mwanangu," mama mdogo aliniuliza, wala si kwa ukali, "huyo daktari wa mbwa ni shilingi ngapi?"

Nikamwambia nimeshampigia simu, ni laki na themanini. Akacheka kile kicheko cha mtu anayejizuia kusema. Goti lake lilikuwa linamuuma tangu masika, analikanda kwa maji ya moto, na hakuna aliyekuwa amempigia mtu simu.

Jirani mmoja alishauri mbwa apumzishwe. Hakuwa katili. Ng'ambo ya mpaka, ndani ya Gombe, jambo hilo lilishafanyika. Mwaka 1966 polio iliwaingia sokwe, na mmoja wao, mzee ambaye Jane Goodall na wenzake walimwita McGregor, akapooza miguu yote miwili. Walimpelekea chakula, wakahangaika na nzi wake. Mwisho wakampiga risasi kwa kumhurumia. Hao ni watu waliovuka bahari kwa ajili ya sokwe na si kitu kingine, sembuse sisi tunaopima unga?

Lakini baba mdogo alipiga hesabu kwa upande ambao mimi sikuwa nimeutazama. Ziwa limefungwa, alisema, kwa hiyo kilichobaki ni mihogo. Mihogo inalindwa na nani? Ikiliwa, hadi Agosti tutakula nini? Umaskini uleule niliodhani unamnyima mbwa tiba ndio uliomkatia tiketi. Nikatoa laki moja, yeye akauza dumu la mawese.

Boti ya asubuhi nusura ituache. Abiria mmoja, mzee wa kanzu, alikataa katakata kukaa karibu na mate ya mbwa, na haki yake. Nahodha akatupeleka omo, Watasema ndani ya gunia, mdomo umefungwa kitambaa. Mama mmoja muuza mawese, alipoiona Kibirizi inatokeza, akamgeukia yule mgonjwa: "Mbwa hafi maji akiona ufuko." Boti nzima ikacheka, mzee wa kanzu akiwemo.

Daktari ni kijana aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Meza yake iko chini ya paa la bati uani kwake. Aliutazama mguu, akasema kuunga haiwezekani tena, ni kuukata, na aukate juu pajani, maana kipande kikibaki kirefu mbwa atakiburuza na kujiumiza. Akatueleza kwamba mbwa akisimama, asilimia kama 60 ya uzito wake iko miguu ya mbele. "Mshukuruni nyani kwa kuuma nyuma."

Dawa ya usingizi ilikuwa ketamini ikichanganywa na nyingine. Sikujua kwamba mbwa aliyelala kwa ketamini habfumbi macho. Daktari aliyapaka mafuta yasikauke, akahitaji mtu wa kushika kichwa. Nilikuwa nanyoosha mkono, baba mdogo akanitangulia. Saa moja na nusu alisimama hivyo, mbwa amemtazama bila kumwona, ulimi nje, mate yanamtiririka hadi kwenye kiwiko. Daktari alifunga mshipa mkubwa wa damu kwa uzi mara mbili, akakata mfupa kwa msumeno, akashona nyama juu yake. Baba mdogo hakuuangalia mguu hata mara moja. Kazi ilipoisha alikwenda bombani akaosha mikono mara saba, moja kwa udongo, akihesabu kwa sauti. Kisha akauliza mguu umewekwa wapi, akaenda kuuzika mwenyewe nyuma ya ua.

Tuliporudi, mama mdogo alizikagua zile nyuzi kwa muda mrefu. "Kumbe Kigoma miguu inatibiwa," akasema. Baba mdogo akachukua jembe akaenda shamba.

Watasema alianguka wiki nzima, hasa akikata kona. Wiki ya tatu alipanda mlima. Hakimbizi tena, anakaa juu ya jiwe kubwa anabweka, na watoto wakisikia wanakuja na mawe. Nyani walichukua sehemu yao, si shamba.

Agosti 15 ziwa likafunguliwa, ila mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, na dagaa hawaifuati taa kwenye mbalamwezi. Wakangoja tena. Giza liliporudi, fedha ya kwanza baba mdogo aliifunga kwenye leso akaiweka mbele ya mama mdogo: nauli ya boti na hela ya hospitali. Mama mdogo akaihesabu, akaifunga tena, akasema atakwenda mihogo ikishavunwa.