Fimbo ya Kuvulia Iliyorudi Kirumba



Leo hatuzungumzii hina wala kanga za harusi. Tunazungumzia fimbo ya kuvulia samaki, rili yake na mshipi wake. Msicheke. Wengi wenu mtaingia katika nyumba za waume mkute pembeni ya kabati kuna kitu kirefu ndani ya mfuko, na hamtajua ni cha nani wala kinatunzwaje. Sisi kilikuwa nyumbani kwetu miaka yote na hatukujua. Nusura tukiuze.

Sisi ni ndugu wawili, wa tumbo moja, wa hapa Unguja. Baba yetu, Allah amrehemu, alifariki miaka miwili iliyopita. Siku ya maziko baba mdogo alisimama akatangaza kama ada: mwenye deni au amana kwa marehemu ajitokeze. Madeni mawili matatu yakajitokeza, tukayalipa kabla ya kugawa mirathi. Fimbo hakuna aliyeitaja. Ikabaki juu ya kabati.

Mwaka huu mdogo wetu akaposwa. Mambo ya harusi mnayajua: kila ukidhani umemaliza, kuna jingine. Tukaamua kuuza vitu visivyotumika, na fimbo ikawa ya kwanza. Tulipoitoa mfukoni tuipige picha, tukakuta kijikaratasi kwa mwandiko wa baba. Kilikuwa na jina la rafiki yake wa Kirumba, Mwanza, namba ya simu, na maneno mawili: amana, irudishwe.

Tulikaa kimya. Sote tunajua Suratun Nisaa inavyotuamrisha kuhusu kuzirudisha amana kwa wenyewe. Tukapiga simu. Mzee yuko hai. Alisema alijua tangu mwanzo kuwa fimbo iko kwetu, lakini aliona haya kuidai kwa watu waliofiwa.

Shida ilianza tulipoitazama vizuri. Mkono wa rili ulikuwa mzito kuzunguka. Chuma kinachoshika mshipi kilikuwa na kutu. Baba alivulia baharini, na baada ya maradhi kumlaza hakuna aliyeisuza. Chumvi ilikuwa na miaka yote miwili ya kufanya kazi yake.

Mmoja wetu alisema tuifute, tuifunge vizuri, tuitume kwa basi, mzee ataona mwenyewe. Mwengine, ambaye ndiye bibi harusi, akasema: “Siwezi kuanza nyumba yangu kwa kuficha aibu ya kitu cha mtu.” Maneno hayo yalitupeleka Kirumba.

Tulikwenda na mjomba wetu: boti hadi Dar es Salaam, treni hadi Dodoma, kisha basi hadi Mwanza. Kabla ya safari tuliisafisha kadiri fundi mmoja wa cherehani alivyotuelekeza, na tukanunua mshipi mpya mnene tukaujaza kwenye rili. Tulidhani tumemaliza.

Kirumba iko kandoni mwa Ziwa Victoria, na harufu ya dagaa wakavu wa soko la Mwaloni inakupokea kabla ya mwenyeji. Mzee na mkewe walitukaribisha kwa chai na maandazi. Hatukungoja chai ipoe. Tulimwambia: mzee, tumekuja na amana yako, na imeharibika mikononi mwetu. Hakusema “msijali”. Alisema, “Ilete tuione.” Kisha akaikagua mbele yetu, na hayo aliyotuonyesha ndiyo tunataka mjue.

Kwanza alitusomesha maandishi ya kwenye fimbo. Ilikuwa imeandikwa ni ya kuvulia bass. Huyo ni samaki wa Marekani, ambaye pia alipandikizwa katika Ziwa Naivasha kule Kenya. Mgeni mmoja alimpa mzee zawadi zamani. Bass mkubwa kuliko wote katika rekodi alikuwa na kilo 10 hivi. Sangara wa ziwani, aliyepandikizwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, anaweza kupita kilo 100. Kwa hiyo fimbo hii ni ya sangara wadogo na wa kati. Mwenye kutaka wakubwa achague fimbo nene na rili inayobeba mshipi mwingi. Kila fimbo huandikwa uzito wa mshipi na wa chambo inaoweza kubeba, na mshipi wetu mpya ulikuwa mnene kupita maandishi hayo. Tulinunua kwa kudhani kuwa mnene ndio bora. Mzee akasema mshipi ukiwa na nguvu kuliko fimbo, siku ya mvutano mkubwa inayokatika ni fimbo.

Pili, pete za fimbo. Mkewe alileta pamba, akaipitisha ndani ya kila pete inayoongoza mshipi. Pete ya tatu ikanasa nyuzi. Ilikuwa na ufa ambao jicho halikuuona, lakini ungekuwa unakwangua mshipi kila unapopita. Sisi tulizifuta pete zote zikang'ara, na hiyo ya ufa ikang'ara pia.

Tatu, breki. Ndani ya rili kuna washa zinazoacha mshipi utoke kidogo kidogo samaki anapovuta, badala ya kukatika. Mzee alifunga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, mkewe akaivuta taratibu. Mshipi ulikataa, ukakataa, kisha ukaachia kwa mshtuko. “Hapo ndipo samaki anapokwenda na mshipi,” akasema mzee. Kosa letu lilikuwa hili: tuliiweka miaka miwili breki ikiwa imekazwa, washa zikaminyana mpaka zikagandana. Breki hulegezwa wakati wa kuhifadhi. Wakati wa kuvua hukazwa kiasi cha robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa kilo 12, breki iachie kwenye kilo 3 au 4.

Nne, chumvi. Mzee aliitumia fimbo hii miaka mingi bila kutu, kwa sababu maji ya ziwa ni matamu. Sisi watu wa bahari hatuna nafasi ya uvivu. Kila ukirudi, kaza breki kidogo maji yasiingie, suuza kwa maji baridi yanayotiririka polepole, usiyapulize kwa nguvu yakasukuma mchanga ndani. Futa, anika kivulini, halafu legeza breki. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mkono na kwenye kiguru kidogo kinachopitisha mshipi linatosha. Washa za breki usizimwagie mafuta hayo.

Tano, mshipi wenyewe. Nailoni huchoshwa na jua. Ukiona umekakamaa, umejikunja kama chemchemi ya kalamu, au ukipitisha kucha unahisi vikwaruzo, ubadilishe. Mshipi wa kusukwa ni mwembamba na una nguvu, lakini haunyumbuki, hukata vidole, na ukisugua jabali unachanika upesi, na Mwanza ni mji wa majabali hadi ndani ya maji. Ndiyo maana mwishoni huungwa kipande cha nailoni nene, kwa sababu mdomo wa sangara una meno kama msasa na mifuniko ya matamvua yake ina makali. Fundo lirowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, kwani nailoni kavu ikisuguana hupata joto na kudhoofika. Usijaze rili hadi ukingoni, bakisha milimita 2 au 3, la sivyo mshipi utamwagika kama tambi.

Alipomaliza, mmoja wetu alikuwa anafuta machozi. Si kwa ukali, maana hakutukaripia. Ni kwa kuwa kila alipogusa tulikuwa tumekosea, na tulikuwa tumekuja na roho ya kusifiwa kwa kurudisha.

Tukamuuliza gharama. Mjomba alitegemea angesamehe, na sisi, tuseme kweli, tulitamani. Mzee akahesabu: pete moja, mshipi mwembamba unaofaa, na washa aliyoitoa kwenye rili yake nyengine mbovu. Akataja bei, si kubwa, akaipokea na kuihesabu. Kisha akasema, “Sasa baba yenu hana kitu kwangu, wala nyinyi hamna. Nimeridhika.”

Dada zetu, tulipumua. Angesema “acheni tu”, tungerudi Unguja tumebeba shaka. Alipopokea haki yake alituondolea mzigo ambao msamaha wa haraka usingeuondoa.

Kesho yake baada ya sala ya alfajiri alitupeleka juu ya jabali, mkewe na mjomba wakiwa nasi. Akarusha chambo. Mshipi ulitoka bila kelele ya kukwaruza. Mara ya tano au ya sita fimbo ikapinda, breki ikaachia laini kama inavyotakiwa, na sangara akaja. Mzee alimpima kwa alama za uzi alizofunga kwenye mpini: hakufika sentimita 50 ambazo kanuni za uvuvi zinamruhusu kuvuliwa. Akarowanisha mikono, akamtoa ndoana, akamrudisha majini. Mjomba alinung'unika kuhusu kitoweo. Mkewe mzee akacheka, akatupeleka Mwaloni tukanunua sato.

Sasa bibi harusi wetu ameshaolewa, alhamdulillah. Wiki ya kwanza alikaa na mumewe wakaandika kwenye daftari moja: vitu gani ndani ya nyumba ni vyetu, vipi tumeazima, vipi tumeazimisha, na kwa nani. Kilichopatikana cha watu ni sufuria kubwa la pilau, ngazi na vitabu vitatu. Vyote vimerudi, na sufuria lilisuguliwa kwanza.

Tunawasihi mfanye hivyo. Muulize mumeo kwa upole, si kwa upekuzi. Na kama pembeni ya kabati kuna fimbo ya kuvulia, iteremshe leo, legeza breki, pitisha pamba kwenye pete. Usingoje mwenyewe afe ndipo ujue ilikuwa ya nani.

Allah atusaidie kuzitunza amana zetu, awarehemu wazazi wetu waliotangulia, na azitie baraka nyumba zenu mpya. Amin.