Alimeza Ngapi?

Jumatatu, 3 Machi 2025
Shangazi ameshuka kwenye meli ya Nansio kitambaa mdomoni. Fizi zinamvuja damu tangu Ijumaa, mikono ina mabaka ya zambarau, chakula hakipiti. Nilipowasha taa akauliza kwa nini balbu zetu ni za njano. Ni nyeupe. Nikamshika mkono nikahesabu mapigo: 46 kwa dakika. Hatukungoja kupambazuke, tukaenda hospitali.

Jumanne, 4 Machi
INR, kipimo cha damu kuchelewa kuganda, ni 9.1. Mtu wa kawaida huwa na 1 hivi. Yeye, kwa valvu ya chuma aliyowekewa, wanamtaka kati ya 2.5 na 3.5. Daktari akamwaga mfuko wa dawa mezani, akahesabu warfarin, dawa yake ya kuzuia damu kuganda, kidonge kwa kidonge. Hesabu imetimia, hakuzidisha hata kimoja. Chini ya mfuko kulikuwa na metronidazole, aliyouziwa duka la dawa kisiwani kwao kwa ajili ya kuhara. Hiyo inalizuia ini kuivunja warfarin, kwa hiyo dawa ya jana inakutana mwilini na ya leo. Tena wiki nzima hakugusa matembele, ambayo humpa vitamini K ya kugandisha damu. Kuhara kukamkausha, figo zikashindwa kuitoa digoxin, dawa yake ya moyo, na furosemide, dawa yake ya kukojoza, ilishamshusha potasiamu. Njano ile ya taa ilikuwa digoxin iliyozidi mwilini.

Naandika yote haya kwa sababu simu za ndugu zote zinauliza jambo moja: “Alimeza ngapi?” Shangazi anasikia. Amelia kwa swali hilo kuliko kwa sindano.

Jumatano, 5 Machi
Vitamini K amepewa kidogo tu, makusudi. Wakiigandisha damu kwa pupa, bonge linaweza kuziba valvu. Digoxin imesimamishwa, potasiamu inarudishwa polepole, mashine ya moyo haitoki kifuani.

Binamu kafika na habari kwamba warfarin ni sumu ya panya. Ni kweli, iliuzwa hivyo Marekani mwaka 1948, ikaruhusiwa kwa binadamu 1954. Asili yake ni ng’ombe waliokuwa wakivuja damu hadi kufa huko Amerika Kaskazini miaka ya 1920, kwa kula majani yaliyooza. Lakini bila sumu hiyo, valvu ya shangazi ingeshaziba. Nilimwambia binamu hivyo mbele ya shangazi, ili naye asikie.

Jumamosi, 8 Machi
INR 3.2, mapigo 64. Ameomba sato na ugali, akala.

“Mwanangu, kule duka la dawa nilisema naumwa tumbo. Hawakuniuliza kingine.”

Wangemuuliza! Swali moja tu, “Mama, unatumia dawa gani nyingine?”, na tusingekuwa hapa. Nimemwandikia kadi: NATUMIA WARFARIN NA DIGOXIN, MSINIPE DAWA YOYOTE KABLA YA KUPIGA NAMBA HII. Amenitaka niongeze na kwa Kikerewe. Kipimo kingine ni tarehe 17. Nauli ya meli, kwenda na kurudi, atalipa binamu.