Kona za Lushoto na 504 ya mume wangu

Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 tu, ila ni mlima na kona mwanzo mwisho. Peugeot 504 yetu, aliyoifufua mume wangu kwa hela za kiwanja bila kunishirikisha, ilizima kabla ya Soni. Akakimbilia mfuniko wa rejeta. Nikamzuia, ungemuunguza! Tena mshale wa joto ulikuwa umetulia, na tangi lina mafuta. Kumbe petroli iligeuka mvuke njiani, haifiki kwenye kabureta. Tukafungua boneti, tukazungushia pampu ya mafuta kitambaa kilicholowa, tukakaa nusu saa bila kusemeshana. Likawaka. Soni tukashuka kutazama maporomoko, ndipo akaniomba radhi. Habari ya kiwanja tuliimaliza usiku Lushoto, baridi ikitulazimisha blanketi moja.