Chusa cha Ziwa Turkana

Ukitoka Eldoret, mji ulioanzia kwenye shamba nambari 64, shika njia ya Kitale, upite Kapenguria, uteremke hadi Lodwar. Koti utalivua njiani. Mbele kuna Ziwa Turkana, na ng'ambo yake, karibu na Loiyangalani, wanaishi Waelmolo, kabila dogo lililotegemea samaki, na zamani mamba na kiboko pia.

Usidhani chusa chao ni mkuki tu. Mbuta huweza kupita kilo 100. Ukimchoma kwa mkuki, atavunja mpini na kwenda zake. Kwa hiyo ncha ya chuma haikazwi kwenye mpini. Huchomekwa tu, nayo hufungwa kamba ndefu iliyosokotwa kwa nyuzi za mkoma. Chusa kikitua, ncha hubaki mwilini, mpini huchomoka, na mvuvi hushikilia kamba. Havuti kwa pupa. Humlegezea, humkazia, mpaka samaki achoke.

Ufundi huu ni wa kale. Huko Lothagam, magharibi ya ziwa, zimechimbuliwa ncha za vyusa za mifupa zenye umri wa maelfu ya miaka.

Lakini siku hizi nyavu zimechukua nafasi, na lugha ya Kielmolo yenyewe imemezwa na Kisamburu. Basi ukibahatika kuvuka na watoto, usinunue chusa kama pambo la ukutani tu. Mwombe mzee awaonyeshe kinavyofungwa, nao wajaribu kukifunga kwa mikono yao. Safari njema!