Miavuli ya Kariakoo na Banda Letu la Mboga

Zoezi tulilopewa chuoni, tukisomea usanifu, lilikuwa fupi. Kila kundi la studio lichague jengo moja la Dar es Salaam, likalitazame kwa makini, kisha lisanifu kitu kidogo kinachohitajika mtaani. Wenzetu wengi walikimbilia Posta, kwenye minara ya vioo na Kanisa la Azania Front. Sisi tulichagua Soko la Kariakoo, na sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: mama wa mwenzetu mmoja alikuwa akinunua nyanya za jumla kule shimoni, sehemu ya soko iliyo chini ya ardhi, na alituahidi kwamba tukifuatana naye hakuna atakayetuuliza tunapima nini. Ilikuwa kabla ya moto wa 2021 uliounguza soko hilo.

Ukilitazama soko kutoka nje, macho yanakimbilia paani. Nguzo nene za zege zinapanda, na zikifika juu zinafunguka pande nne, kama mwavuli uliopinduliwa. Mwavuli mmoja umekaa juu zaidi, wa pili chini yake kidogo, na kwenye mwanya kati yao ndimo mwanga na hewa hupita. Tulisimama pale wapagazi wakitupigia kelele tupishe matenga, sisi tumeinua shingo. Soko lilifunguliwa 1975. Aliyelisanifu ni Beda Amuli, aliyezaliwa 1938, akasomea usanifu katika chuo cha Technion kule Haifa, Israel, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kuendesha ofisi yao wenyewe ya usanifu. Kwa wanafunzi tuliozoea vitabu vyenye majengo ya Paris na Chicago, kusimama chini ya kazi ya Mtanzania yenye ujasiri wa namna ile kulitutia kiburi kizuri.

Kwa hiyo mchoro wetu wa kwanza ulikuwa Kariakoo ndogo. Tulikuwa tumechagua genge la mboga la kando ya barabara, si mbali na chuo, ambako akina mama walikuwa wakiuza mchicha na bamia chini ya maturubai, tukawachorea miavuli sita ya zege. Ilipendeza sana kwenye karatasi. Mhadhiri wetu aliizunguka meza, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja: "Hii miavuli inafanya kazi gani?" Tukajibu kwamba inaleta kivuli. Akasema kivuli hata turubai linaleta, turudi sokoni mvua ikinyesha.

Msimu ulikuwa wa masika, hatukusubiri sana. Mvua ilitukuta ndani, na hapo ndipo paa lilipojieleza lenyewe. Kwenye paa la kawaida la mgongo maji hushuka pembeni, yakawamwagikia wanaoingia na kutoka na kuchimba mtaro mbele ya mlango. Pale maji yalikuwa yakielekea katikati ya kila mwavuli na kushuka ndani ya nguzo hadi kwenye hifadhi chini ya ardhi. Nguzo ile ile inabeba paa na inapitisha maji. Pande zinabaki wazi, hewa inapita, na mtu anaingia na mzigo wake kichwani bila kupita chini ya pazia la maji. Mwenzetu wa kutoka Tanga, ambaye hadi siku ile alikuwa akilalamika kwamba jengo ni zito mno, aliweka kiganja chake kwenye nguzo akasema, "Kumbe hili ni gata." Tangu hapo mazungumzo ya kundi yalibadilika.

Tuliporudi studio tulitaka kuelewa umbo lilivyopatikana. Tulichukua vijiti vya mishikaki tukatengeneza fremu ya mraba, tukafunga nyuzi kutoka kijiti kimoja hadi cha mkabala wake, zote zimenyooka na zimelingana. Kisha tukainua kona moja. Uso wote ukapinda, ukawa kama tandiko la farasi, lakini kila uzi ulibaki umenyooka vilevile. Hii ndiyo siri ya maganda ya zege ya aina hii, yaliyopata umaarufu mkubwa kwa kazi za Félix Candela kule Mexico katika miaka ya 1950. Fundi anaweza kumimina zege lililopinda kwa kutumia mbao zilizonyooka, na mpindo wenyewe ndio unaolipa zege nguvu hata likiwa jembamba. Vipande vinne vya namna hiyo vikikutanishwa pembe zao za chini, unapata mwavuli mmoja. Naikumbuka furaha ya mchana ule kuliko alama zozote nilizowahi kupata.

Furaha ile pia ndiyo iliyoua mchoro wetu wa zege. Ukishajua kazi ya umbo, unaanza kujiuliza kama kazi hiyo haiwezi kufanywa na bati. Genge lile lisingeweza kulipia nondo na saruji, na fundi wa mtaa asingekuwa na sababu ya kufunga mbao kwa ustadi ule kwa ajili ya meza za mchicha. Tukachora mapaa mawili ya bati yanayoinamia katikati, gata kubwa likipita kati yake hadi kwenye tangi. Paa la mita sita kwa nane lina mita za mraba 48, na kila milimita moja ya mvua huliletea lita 48. Mvua ya milimita 20, ambayo masika ya Dar hutoa bila shida, inakaribia kujaza tangi la lita 1,000. Akina mama wale walikuwa wakinunua maji kwa ndoo ili kunyunyizia mboga zisinyauke.

Tulipeleka modeli gengeni. Shikamoo, marahaba, tukaketi kwenye ndoo zilizopinduliwa. Mama aliyekuwa mkubwa wao aliizungusha modeli mpaka upande mmoja ukaelekea barabarani, kama lilivyo genge lenyewe. "Wanangu, paa lenu zuri," akasema, "ila jua la saa kumi linatokea huku. Hapa mlipoinua ndipo litakaponichomea mchicha." Alikuwa sahihi kabisa. Paa linaloinamia katikati limenyanyuka pembeni, na jua la jioni hupenya chini yake. Kariakoo jengo ni pana, kilicho katikati kiko salama. Banda dogo lote ni pembeni.

Fundi seremala wa jirani alisikia, akaja na la kwake. Mwarobaini ule pale unapukutisha majani mwaka mzima, alisema, gata la katikati likiziba maji yote yatawashukia wateja. Akaongeza habari ya upepo: zege hujishikilia kwa uzito wake, bati lililonyanyuka pembeni huondoka.

Mchoro wa mwisho ulitoka kwenye mazungumzo yale. Upande wa magharibi tulishusha paa na kuning'iniza mkeka wa kukunja. Gata lilipanuliwa hadi mkono uliokunja ngumi uweze kupita ndani kusafisha, likapewa mdomo wa kumwagia maji nje likizidiwa. Nguzo za mbao zilisimikwa kwenye zege. Hakuna mwavuli hata mmoja ulioonekana, na mtahini mmoja wa nje akauliza Kariakoo iko wapi humu. Mwenzetu wa Tanga alimwonyesha kwa kidole njia ya maji, kutoka bati hadi tangi.

Moto wa Julai 2021 ulipounguza soko, tulipigiana simu usiku ule ule. Wafanyabiashara walipoteza mali zao, na hilo ndilo lililotuuma kwanza. Baadaye tulisubiri kwa hofu kusikia kama jengo litabomolewa. Likaamuliwa likarabatiwe, na jengo jipya lijengwe kando yake. Ningependa kila mwaka wa kwanza wa usanifu nchini upelekwe pale na futi mkononi, na upelekwe wakati wa masika.